Msiuhukumu mgahawa mpya wa Kimeksiko kabla ya kuionja tortilla yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Watu wetu wengi wanaoishi vitongoji vya Chicago wanaiita tortilla "chapati ya mahindi", na jina hilo linawapoteza. Mtu anaingia mgahawa mpya wa Kimeksiko mchana, anatazamia kitu laini cha kuchambuka, chenye mafuta na chumvi. Analetewa kitu chembamba, kikavu kidogo, chenye harufu ya mahindi na chokaa kwa mbali, anaona amepunjwa. Akitoka hapo anawatangazia wenzake kwamba chakula cha Wameksiko hakina ladha. Pengine alipewa tortilla nzuri kuliko zote mtaani akaiona mbaya. Pengine alipewa mbovu kweli, lakini hakujua ubovu wake uko wapi.

Kazi yangu ni jiko la namna hiyo, na naandika kwa sababu chakula hiki kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Mahindi tunayosongea ugali yalitoka Meksiko, ambako wakulima waliyapata kwa kuchagua mbegu za nyasi mwitu iitwayo teosinte yapata miaka 9,000 iliyopita. Pwani yetu yalifika wakati wa Wareno, na jina lake linaonyesha wazee walidhani ni kitu cha Uhindini. Nyanya, pilipili, parachichi na maharage navyo vina asili ya Amerika. Katika Cicero, Berwyn, Aurora na Waukegan Wameksiko ni wengi, na migahawa yao iko kwenye safu za maduka ambako nasi tunafulia nguo na kununua vocha za simu. Ni hasara kupita mlangoni kila siku bila kujua cha kuagiza.

Nianze na chokaa, maana ndiyo inayoitenga tortilla na chapati, ikaitenga na ugali vilevile.

Sisi mahindi tunayakoboa au tunayasaga makavu. Wao huyachemsha kwanza kwa chokaa, na mahindi yaliyopikwa hivyo huitwa nixtamal. Kwa kilo moja ya mahindi makavu hutiwa chokaa gramu 10 hivi na maji lita tatu. Ni chokaa ya kuliwa, ya aina ile inayopakwa kwenye jani la tambuu Unguja na Lamu, si ya kupakia ukuta. Sufuria hukaa kwenye moto wa kiasi dakika 30 hadi 45, mpaka ukiisugua punje kwa vidole ganda linateleza na kutoka. Moto huzimwa, sufuria hufunikwa, mahindi hulala humo usiku kucha. Asubuhi maji ya manjano humwagwa, mahindi huoshwa mara mbili au tatu, kisha husagwa yakiwa na umajimaji wake. Kinachotoka kinuni ni donge tayari kwa kupikwa, na jina lake ni masa. Chokaa ikizidi, tortilla hugeuka manjano na kuacha ladha ya sabuni ulimini. Ikipungua, ganda halitoki, donge halishikamani, na tortilla hupasuka ukiikunja.

Chokaa hiyo ina faida nyingine ambayo nchi zinazokula ugali zingeitazama kwa makini. Ndani ya punje ya mahindi kuna niasini, vitamini iliyofungwa hivi kwamba tumbo haliipati. Chokaa huifungua. Watu wanaoishi kwa mahindi matupu yasiyopitishwa kwenye chokaa hupata pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili. Mwaka 1990 uliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, karanga, zilizokuwa zikiwapa niasini, zilipokosekana katika posho yao. Meksiko wamekula mahindi maelfu ya miaka bila janga hilo, na sababu kubwa ni hiyo sufuria ya chokaa, pamoja na maharage pembeni.

Turudi mgahawani. Migahawa mingi haina kinu. Mingine hununua masa mbichi kutoka kiwandani kila asubuhi, mingine hutumia unga wa nixtamal uliokaushwa, kama Maseca, unaotengenezwa na kampuni ya Gruma iliyoanzia Nuevo León, kaskazini mwa Meksiko, mwaka 1949. Mingine, na ndiyo mingi zaidi, hununua tortilla zilizokwisha kupikwa kiwandani. Hakuna dhambi katika njia yoyote kati ya hizo. Kwa maoni yangu tortilla ya kiwandani iliyotoka leo na kupashwa vizuri inaishinda ya mkono iliyokandwa na mtu mwenye haraka. Ila mgahawa ukiandika mlangoni kwamba tortilla zake zinapikwa kwa mkono, wewe una haki ya kudai iwe hivyo.

Ukipata meza inayotazama jiko, tazama mikono ya anayezipika. Kama anatumia unga mkavu, kila gramu 250 hukandwa kwa maji ya vuguvugu mililita 350 hadi 400, donge likapumzishwa robo saa chini ya kitambaa kibichi. Anachukua tonge la gramu 30 hivi, ukubwa wa ndimu ndogo, analiweka kati ya vipande viwili vya nailoni ndani ya kibano cha chuma. Anabana mara moja, anazungusha ile nailoni, anabana tena kidogo, linatoka duara la sentimita 12 au 13. Hapo ukingo husema kila kitu. Ukichanika kama udongo wa kiangazi, donge ni kavu, na mpishi anayejua hulirudisha bakulini na kuongeza maji kijiko kimoja. Likinata kwenye nailoni, maji yamezidi.

Kisha huilaza juu ya comal, chuma bapa kama kile cha chapati, kilichopata moto sana na kisicho na tone la mafuta. Upande wa kwanza ni sekunde 15 hadi 20 tu, mpaka ukingo uachie chuma. Anaigeuza. Upande wa pili hukaa karibu dakika moja na kupata madoa ya kahawia. Anaigeuza tena, na sasa ndani ya sekunde chache inafura katikati kama puto, kwa sababu mvuke uliokwama ndani unatenganisha ngozi zake mbili. Isipofura, ama chuma hakikuwa na moto wa kutosha, ama donge ni kavu, ama upande wa kwanza uliachwa mpaka ukakauka na mvuke ukatoroka. Tortilla isiyofura huwa nzito mdomoni, kama karatasi ngumu iliyoloanishwa. Iliyofura huwekwa ndani ya kikapu chenye kitambaa pamoja na wenzake, na humo hukaa dakika kumi zikilainishana kwa mvuke wake zenyewe. Usione wivu kwa aliyepewa moja kwa moja kutoka kwenye chuma; yako ya kikapuni ndiyo iliyoiva sawasawa.

Chapati ikipoa bado inakunjika, kwa kuwa ngano huvutika na mafuta huilinda. Mahindi hayana mvutano huo, na ndiyo maana tortilla ikipoa wanga wake hukakamaa na ukiikunja inakatika katikati. Hii si kasoro ya mpishi. Kosa lake ni kukuletea imeshapoa, au kuipasha kwenye maikrowevu bila kitambaa kibichi, ikaja na ukingo mgumu na katikati pameloa.

Kwa hiyo ukifika mgahawa mpya, agiza taco mbili kwanza, yaani tortilla ndogo zilizowekewa nyama na kukunjwa, kabla ya sahani kubwa. Kabla hujaweka chochote, chana kipande cha tortilla ukile kitupu. Iwe na harufu ya mahindi ya kuchoma. Ikunje nusu: isipasuke mgongoni. Wengi hukuwekea tortilla mbili chini ya nyama, na si kwa kukujaza tumbo bure. Ya chini hupokea mchuzi unaopenya ya juu, na kinachodondoka huokotwa kwa ile ya pili. Taco huliwa papo hapo, ndani ya dakika tatu nne, ukiwa umeinamia sahani. Ukipiga picha, ukajibu simu, ukarudi, utakuta imelowa, na lawama hiyo mpishi hastahili.

Sasa saa ya kwenda. Mgahawa uliofunguliwa wiki hii uache wiki mbili tatu. Wapishi bado hawajajua watu wangapi huja Jumatatu na wangapi Ijumaa, kwa hiyo nyama ama huisha saa saba, ama hubaki na kupashwa kesho yake. Ukienda, nenda siku ya kazi kati ya saa tano na nusu na saa saba mchana. Wali huwa umeivishwa saa nne na nusu, maharage yametoka kwenye sufuria, na michuzi ya siku imewekwa kwenye meza ya mvuke kwa mara ya kwanza. Kufikia saa tisa chakula kilekile kimekaa humo saa nne. Kanuni za chakula za Marekani hutaka chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57 za Selsiasi, na kwa afya hilo linatosha. Lakini kuku aliyekaa saa nne kwenye nyuzi 60 hugeuka nyuzinyuzi, na wali chini ya chombo hugeuka bokoboko.

Ukiona ubao wenye maneno "comida corrida" au "menú del día", acha ile orodha ndefu ya vyakula themanini na uchague hapo. Huko Meksiko ndicho chakula cha mchana cha mfanyakazi: supu, wali, kitoweo kimoja, maharage, tortilla na kinywaji cha matunda kwa bei moja. Vitoweo hivyo huitwa guisados, na ndani yake mtu wa pwani au wa bara atajiona yuko nyumbani. Picadillo ni kima yenye viazi na karoti. Albóndigas ni kababu za mviringo ndani ya mchuzi wa nyanya. Caldo de res ni supu ya ng'ombe yenye mfupa, kabichi na gunzi la hindi. Pollo en mole ni kuku kwenye mchuzi mzito wa pilipili kavu, ufuta au karanga na kipande cha chokoleti. Asiyepatana na karanga au ufuta lazima aulize kwanza. Mgahawa mpya wenye vitoweo vitano vya siku una mpishi. Mgahawa mpya wenye vyakula themanini kila siku una friza.

Kuna vyakula vinavyosifiwa sana ambavyo mchana wa siku ya kazi si saa yake. Mfano mkubwa ni tacos al pastor. Huu ni mtoto wa shawarma: wahamiaji kutoka Lebanoni na nchi jirani waliuleta ule mti wa nyama unaozunguka, Wameksiko wakaubadilisha. Nyama hulowekwa kwenye pilipili kavu ya guajillo na achiote, ile mbegu nyekundu ya kutia rangi, hupangwa tabaka kwa tabaka kwenye chuma kiitwacho trompo, nanasi likawekwa kileleni. Mkataji huchukua ngozi ya juu tu, ile iliyoungua kidogo, akangoja inayofuata iive. Kazi hiyo inataka wateja mfululizo, na wateja mfululizo huja jioni. Mchana trompo mara nyingi haijawashwa au imezimwa, na al pastor utakayopewa imekatwakatwa na kukaangwa kwenye chuma bapa. Italiwa, ila ule ukingo wa kuungua hutaupata. Kama huoni moto unaowaka kando ya nyama, agiza kingine. Menudo, supu ya utumbo, na pozole, supu ya mahindi ya nixtamal iliyo karibu sana na makande, ni za Jumamosi na Jumapili. Barbacoa, nyama iliyopikwa polepole mpaka ikalainika, nayo ni ya mwisho wa wiki. Birria ya mbuzi, ya mkoa wa Jalisco, ukiikuta iagize siku yoyote: mbuzi aliyelowekwa kwenye pilipili kavu na viungo, akaiva polepole mpaka nyama ikaachana na mfupa, na supu yake kando kwenye bakuli. Uliza tu kama ni ya mbuzi kweli, maana siku hizi wengi wanaipika kwa ng'ombe, na bei haishuki.

Nimefika kwenye jambo ambalo wasomaji Waislamu na Wasabato wanaliogopa, na wana haki. Al pastor niliyoieleza inafanana na shawarma kwa sura na inazunguka kama shawarma, lakini kwa kawaida ni nguruwe. Carnitas ni nguruwe. Cochinita ni nguruwe. Chicharrón ni ngozi yake, na chorizo, soseji ya viungo, kwa kawaida ni nguruwe pia. Hizo ni rahisi kuzikwepa kwa majina. Zilizojificha ndizo ngumu. Maharage ya kupondwa, frijoles refritos, kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tamales, masa iliyojazwa kitoweo na kupikwa kwa mvuke ndani ya maganda ya hindi, hukandwa kwa mafuta hayohayo. Tortilla ya ngano, ile ya kaskazini mwa Meksiko inayofanana na chapati zaidi, nayo kwa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, ingawa ya kiwandani mara nyingi ni ya mimea. Yaani yule aliyeikimbia ya mahindi kwa ugeni wake akaichagua ya ngano kwa kuwa inafanana na chapati ya mama, huenda ndiye aliyekula asichokusudia. Tortilla ya mahindi yenyewe ni mahindi, maji na chokaa basi.

Neno la kuuliza ni manteca, linatamkwa "manteka". Sema: "¿Lleva manteca?", yaani ina mafuta ya nguruwe? Usiulize kama ina nyama ya nguruwe, kwa sababu mhudumu atatazama maharage, asione nyama, akujibu hapana kwa moyo safi. Uliza pia samaki wa kukaanga wa mtindo wa Baja, rasi ya kaskazini magharibi mwa Meksiko, wamechovywa kwenye nini, kwani ule urojo wa kukaangia mara nyingi huchanganywa na bia. Uliza kama mafuta ya kukaangia yanapikiwa chicharrón. Nyama ya ng'ombe na kuku wa migahawa hii kwa kawaida haikuchinjwa kihalali, kwa hiyo anayelishika hilo abaki kwenye samaki wa kuchoma, kamba, maharage ya sufuria yaitwayo frijoles de la olla, nopales, ambazo ni majani ya mpungate yaliyotolewa miiba, na maboga machanga. Wakati wa Kwaresima, hasa Ijumaa, migahawa hii hupika vyakula vingi visivyo na nyama, na hicho ni kipindi kizuri kwa kila asiyekula nguruwe, awe wa dini gani.

Wali wao usiulinganishe na pilau kwa viungo, ulinganishe kwa kazi. Mchele hukaangwa kwanza kwenye mafuta mpaka punje zigeuke rangi ya dhahabu, halafu hutiwa nyanya, kitunguu maji na kitunguu saumu vilivyosagwa pamoja, na supu. Kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya majimaji, nyanya ikihesabiwa humo humo. Hufunikwa, haukorogwi, moto mdogo dakika 18 hivi, kisha hupumzika kumi. Ukija na punje zilizopasuka na kushikana, mpishi aliruka kukaanga au alikoroga. Ukiwa na rangi nyekundu ya kung'aa lakini hauna ladha, amesahau supu akategemea rangi.

Enchilada, tortilla iliyojazwa, ikaviringishwa na kutiwa mchuzi wa pilipili, ikiletwa ikiogelea kwenye maji mekundu, kuna kazi iliyorukwa. Tortilla hupitishwa kwanza kwenye mafuta ya moto sekunde tano hivi kila upande, ndipo ichovywe kwenye mchuzi. Mafuta yale huziba vinyweleo. Zisipopitishwa, hunywa mchuzi, huvimba na kumeguka kabla hujafika katikati ya sahani.

Kuhusu salsa sina shaka wasomaji watafurahi. Pico de gallo ni kachumbari: nyanya, kitunguu, pilipili mbichi, kotmiri, ndimu na chumvi. Tofauti ni kwamba hukatwa ndogo zaidi, na kitunguu hakikamuliwi kwa chumvi. Iangalie kwenye kibakuli. Ikiwa imezama kwenye maji yake, ilikatwa tangu asubuhi sana au jana. Salsa verde hutoka kwenye tomatillo, tunda la kijani lililovikwa ganda kavu kama karatasi. Ikiwa mbichi ni chachu na kali, ikichemshwa au kuchomwa huwa na utamu kidogo. Ile nyekundu nyeusi-nyeusi yenye mbegu mara nyingi ni ya chile de árbol, nayo ni kali kwelikweli. Ya rangi ya machungwa inaweza kuwa ya habanero, binamu wa karibu wa ile pilipili mbuzi yetu, kwa hiyo harufu yake itakuambia kabla ya ulimi. Dondosha tone moja kwenye ncha ya taco uonje, ndipo umwage. Ukiungua usikimbilie maji, kwani ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Kunywa maziwa, au horchata, kile kinywaji cha mchele nitakachokieleza chini, kama wanaitia maziwa. Mgahawa unaokuletea salsa mbili zilizotengenezwa humo humo, hata zikiwa kidogo, unajali. Ule wenye chupa ya dukani peke yake mezani haujaanza kazi.

Mahali pengi pa kukaa mezani utaletewa kikapu cha vipande vya tortilla vya pembetatu, vya kukaanga, bila malipo. Wao huviita totopos, na Waamerika huviita chipsi, usingoje viazi. Kula vichache. Chumvi na mafuta yake hufunga njaa, na chakula ulichokuja kukionja kikifika unakitazama tu.

Kwenye vinywaji hutahitaji mkalimani. Agua de tamarindo ni juisi ya ukwaju, na ukwaju wenyewe ni mti wa Afrika uliofika Meksiko kwa meli. Agua de jamaica ni rozela, ileile nyekundu. Horchata ni mchele uliolowekwa na mdalasini, ukasagwa na kuchujwa, ukatiwa sukari. Ukiona mashapo chini ya glasi, koroga. Ndiyo dalili kwamba haikutoka kwenye paketi. Omba ipunguzwe barafu, kwa sababu barafu ikiyeyuka unabaki na maji ya mchele.

Bei za Marekani huandikwa bila kodi, hivyo jumla itazidi uliyoisoma ukutani. Ukihudumiwa mezani, bakshishi ni asilimia 15 hadi 20. Msiione kama hisani. Sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991. Illinois hulipa zaidi ya hapo, lakini bado mshahara wake mdogo hukisia kwamba wewe utaacha kitu. Ukiagiza dirishani na kubeba mwenyewe, dola moja au mbili kwenye kopo zinatosha. Fedha taslimu huwafikia wa jikoni kwa urahisi zaidi kuliko za kadi, hasa pale wanapogawana.

Kama kitu hakikuwa sawa, mwite mhudumu kabla hujakimaliza na useme kasoro yenyewe: tortilla zimekuja baridi, wali una kiini, nyama imechemka badala ya kuchomeka. Hilo la mwisho hutokea sana katika migahawa mipya saa saba mchana, mpishi anapojaza chuma nyama nyingi kwa wakati mmoja. Moto hushuka, nyama hutoa maji, ikachemkia kwenye maji yake na kuwa ya kijivu, wakati carne asada, nyama ya ng'ombe ya kuchoma, inatakiwa itoke na kingo nyeusi kama mishikaki. Ukisema hivyo watakuchomea nyingine, na kesho hawatakijaza chuma. Ukikaa kimya na kwenda kuwapa nyota moja mtandaoni, hawatajua walikosea wapi.

Kwa wanaobeba chakula kupeleka nyumbani: omba nyama, salsa na tortilla kila kimoja chombo chake. Tortilla ziwe zimefungwa kwenye karatasi ya bati au kitambaa. Ukifika, weka chuma chako cha chapati jikoni bila mafuta, kikipata moto nyunyizia tortilla matone machache ya maji, sekunde 20 kila upande, kisha zirundike ndani ya kitambaa safi dakika mbili. Zilizobaki zitie mfuko wa nailoni ndani ya friji. Zitakaa siku nne tano. Zikishakuwa ngumu usizitupe. Zikate vipande, zikaange, uzitie kwenye mchuzi wa nyanya na pilipili, na yai juu. Wameksiko huita chilaquiles, na ni chakula chao cha asubuhi.

Wako,
Mpishi,
Berwyn, Illinois